Ita, Kisha Subiri

Kazi yangu haina jina ambalo watu wa Karatu wanalikubali. Cheti kinasema mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Shuleni wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Mama yangu kule Ganako aliwaambia majirani kwamba nimesomea unesi wa mikono, basi akina mama wa kanisani wakawa wananiletea vidole vyao vinavyouma kila tukitoka ibadani. Nikieleza kwamba ninawasaidia watoto wenye ulemavu wajifanyie wenyewe mambo yao, wale, wavae, washike kalamu, wafike chooni, watu wananitazama kwa huruma. "Yaani ulikwenda chuo kusomea kulisha watoto?" wifi yangu aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, na wewe ulikwenda chuo kusomea kutandika vitanda vya Wazungu, lete chai.

Wifi yangu simwachi hivyo hivyo lakini. Yeye ni msimamizi wa usafi kwenye loji moja juu ya mji, na ndiye aliyeniokoa nilipoanza masomo ya mtandaoni. Sisi lazima tuendelee kusoma ili leseni zihuishwe, na huku nilikuwa peke yangu, sikuwa na mwenzangu hata mmoja wa kumwuliza, "Wewe mtoto kama huyu unamfanyaje?" Shuleni mtandao ulipatikana dirishani, ukisimama, ukiomba Mungu. Wifi akanipa kona katika chumba chao cha kufulia. Jumamosi mchana nilikuwa nakaa pale katikati ya milima ya mashuka, mashine zikinguruma, mtandao wa wageni unapita ukutani bila kukatika, nami natazamana na wenzangu wa mikoa mingine kwenye kioo cha simu. Wengine walikuwa maofisini, mmoja alikuwa daima ndani ya gari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nyuma yangu kuna taulo nyingi hivyo.

Mwezeshaji wetu alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye kuongea polepole mpaka unatamani kumsukuma. Mimi ni mtu wa haraka. Mama anasema nilizaliwa njiani, sikusubiri zahanati.

Mwaka huo huo, shule ilipofunguliwa Julai, akaletwa binti wa Kimaasai kutoka Malambo. Mama yake alimbeba mgongoni kutoka stendi hadi kwenye kitengo chetu cha watoto wenye mahitaji maalumu, na binti mwenyewe alikuwa mkubwa, miguu inaning'inia mpaka kwenye magoti ya mama. Alikuwa na mtindio wa ubongo. Mikono imekunjwa ngumi, kichwa kimeangukia kifuani, maneno hayatoki. Ila akili, jamani! Siku ya kwanza nilijikwaa kwenye mkeka nikaenda chini mzima mzima, nikasikia mtu anacheka kwa chini chini. Ni yeye. Alicheka mpaka mate yakamtoka, nami nikampenda hapo hapo sakafuni.

Tatizo lilikuwa bweni. Matroni ni mmoja na watoto ni wengi, na shule ilikuwa na sharti lake: mtoto asiyeweza kula mwenyewe halali bweni. Kutoka Malambo huwezi kuwa mwanafunzi wa kutwa Karatu. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, alimwonea huruma, akasema atamvumilia hadi Desemba. Shule ikifungwa na bado analishwa, Januari asirudi.

Nilimweleza mama yake. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi, lakini alielewa kila kitu. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. "Kijiko," akasema. "Kijiko tu?" Nikamwambia, mama, kijiko tu. Akacheka kidogo, kisha akashika ukingo wa shuka lake akajifuta macho. Aliniomba jambo moja: akila mwenyewe, nimpigie. Simu yake ni ya kitochi, na kwao inashika ukipanda kilimani, kwa hiyo kila Jumapili atapanda.

Basi nikaanza. Seremala wa jirani akamtengenezea kiti cha mbao chenye mikanda kiunoni na kizuizi pembeni ya kichwa. Kijiko nikakifungia mpira wa baiskeli mpini unenepe, aweze kuushika kwa ngumi ile ile. Chini ya sahani nikaweka kipande cha mpira wa ndani wa gari isiteleze. Kila mlo nilikuwa nyuma yake, mkono wangu juu ya mkono wake, tunachota, tunapeleka. Wiki kadhaa hivyo. Nikajirekodi, nikapeleka video kwenye darasa la Jumamosi nikitegemea pongezi.

Mwezeshaji akaitazama yote, kisha akasema, "Dada wa Karatu, unafanya kwa upendo sana. Lakini anayekula hapo ni wewe."

Nilikasirika! Nikazima kamera nikasonya. Kumbe kipaza sauti kiko wazi. Darasa zima likasikia msonyo wa Kimbulu, wa kwetu, mrefu, wenye ukoo. Yule mama hakuudhika. Alisema tu, "Mwondolee mkono wako. Mwite jina lake, kisha subiri. Usiseme kitu kingine. Mwili wake unasikia, ila safari ya kutoka kichwani mpaka kwenye mkono ni ndefu, na wewe unamkatiza kila mara akiwa njiani."

Ita, kisha subiri. Rahisi kusema. Jaribu wewe, uji uko mbele ya mtoto mwenye njaa na mikono yako imekaa tu mapajani. Nilimwita. Kichwa kikatikisika, kikaanza kuinuka. Nikawa nauma midomo. Kichwa kikaanguka. Nikamwita tena. Uji ukapoa, ukashika utando juu, matroni akapita akasema, "Mbona unamtesa mtoto wa watu?" Nikamwambia nenda zako huko, dada, usinitie kiwewe. Nikaendelea kuita. Nilijua kuliita jina lile kwa namna zote ambazo mtu anaweza kuita jina: kwa kubembeleza, kwa kuamrisha, kwa kuimba. Lilikuwa zuri mdomoni. Hadi leo nikilala linanijia lenyewe.

Novemba, asubuhi ya kawaida tu, simu nimeisimamisha juu ya kopo inarekodi kama siku zote. Nikaita. Nikasubiri. Kichwa kikainuka, kikakaa. Macho yakaangalia kijiko. Mkono ukaenda pembeni, ukarudi, ukachota, ukapanda, ukapanda tena, uji ukamwagikia kidevuni na kijiko kikaingia kinywani. Akakiuma. Akanitazama na kijiko mdomoni, macho yamemtoka, kama anayeuliza, umeona? Matroni alikuwa mlangoni na ndoo. Akaangusha ndoo akapiga vigelegele. Mimi nililia kama mtoto mdogo, na kwenye video sauti yangu inasikika nikirudia jina lake, nikirudia, nikirudia, hakuna neno lingine.

Wazazi walikwisha kukubali tokea mwanzo apigwe picha za mafunzo, kwa hiyo nikairusha video kwenye kundi letu la darasa saa ile ile. Loo! Simu haikutulia. Vigelegele vya kila mkoa. Mmoja aliandika ameitazama mbele ya wazazi wa shuleni kwake nao wamepiga makofi. Mwezeshaji akaniandikia peke yangu: "Umesubiri." Neno moja tu. Nililifurahia kuliko cheti chochote nilichopata.

Jumapili nikampigia mama yake, akapokea kilimani. Nikamwambia. Upepo ulikuwa mwingi, nikadhani hakusikia, nikarudia kwa kupiga kelele, "Amekula mwenyewe!" Kumbe alisikia, ila alikuwa anawatafsiria wanawake wenzake aliopanda nao, na ghafla nikasikia wote wanapaza sauti kwa Kimaasai. Desemba akaja kumchukua kwa likizo, akamwona kwa macho yake akimaliza bakuli zima. Mwalimu mkuu akatangaza mbele yetu wote kwamba Januari nafasi ipo. Wakaondoka na kiti juu ya gari, kimefungwa kamba pamoja na magodoro na mabati ya watu.

Januari shule ikafunguliwa. Siku za kwanza sikujali, watoto wa mbali huchelewa. Halafu siku moja naitwa getini. Nikamkuta baba yake, mtu mrefu, fimbo mkononi. Miguuni pake kile kiti.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Kiti chenu hiki." Akakisogeza kwangu. "Kimesaidia. Watoto wengine wapo, watakalia."

Nikasema, "Yeye yuko wapi?" na wakati nasema nilikuwa nimeshajua. Kiti hicho hakiwezi kurudi peke yake.

Kilikuwa kifua. Mvua, baridi, homa, akaanza kuhema kwa shida, wakatafuta gari, barabara imekatwa na maji. Alifia njiani wakimpeleka zahanati, mikononi mwa mama yake. Baba alinieleza kwa sentensi fupi, akiangalia pembeni. Mimi nikaanza kulia pale pale getini na kumwita, nikalitaja jina kwa sauti, na yule baba akainua kiganja chake mbele yangu, taratibu, kama mtu anayesimamisha gari.

"Mwalimu," akasema, "kwetu mtu akishaondoka, jina lake hatuliiti tena. Wewe ulimlea, wewe ni mtu wetu. Nakuomba na wewe usiliite."

Nikamwambia, nimekusikia, mzee. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaondoka kwenda kutafuta gari. Nikakibeba kiti kuingia nacho ndani. Matroni aliponiona alikaa chini kwenye vumbi, na sketi yake nyeupe ya kazini, akaweka mikono kichwani.

Nilimkasirikia kila mtu. Watu waliniambia, "Si kosa lako," nami nikawauliza, nani kasema ni kosa langu? Mchungaji akasema Mungu amempenda zaidi. Nikamwambia, mchungaji, mimi je, sikumpenda? Nilimpenda vya kutosha, angeniachia. Mama yangu akaninyamazisha. Nilikwenda chooni kulia kwa sababu ndipo mahali pekee pa shule ambapo mtu hakufuati na ushauri.

Masomo nayo hayakungoja. Kumalizia kozi, kila mmoja alitakiwa kuwasilisha mtoto mmoja kwa wenzake, tangu alipoanza hadi alipofika, na wangu walikuwa wanamjua tayari. Kule darasani sikuwa nimemwambia mtu. Jumamosi hiyo nikakaa kwenye kona yangu kati ya mashuka, zamu yangu ikafika, nikaiwasha video. Ila sauti nilikuwa nimeizima.

"Dada, hatukusikii."

"Dada wa Karatu, sauti! Bonyeza pale chini kushoto."

"Toka halafu uingie tena, huwa inakubali."

Na binti yupo kwenye kioo anainua kichwa. Watu wanapiga makofi ya vidole, mioyo inaruka kwenye skrini, mtu anasema, "Sauti bwana, tunataka tusikie anavyomwita! Pale ndipo penyewe!" Mwezeshaji akauliza, kwa upole wake ule, "Na sasa lengo lake linalofuata ni lipi?"

Nikawaambia. Nikawaambia pia alichoniomba baba yake. Sijui niliongea vipi, nakumbuka tu mashine ya kufulia iliingia kwenye kukamua na ikabidi nipige kelele: "Amefariki! Msiliite jina lake!" Mfanyakazi mmoja wa loji akachungulia mlangoni akarudi nyuma. Wenzangu waliokuwa wamezima kamera wakaziwasha. Mwezeshaji akainamisha kichwa, kisha akawaomba wote waifute ile video. Wakaanza kuandika mmoja baada ya mwingine: nimefuta, pole sana dada. Nimefuta. Nimefuta. Nikabaki na ya kwangu. Hiyo sikuweza.

Baadaye, kiangazi kilipoanza, mama wa binti akaja. Ndugu zake walileta mbuzi mnadani, yeye akakata njia hadi shuleni peke yake. Nikamsalimia kwa Kimaasai changu kibovu, "Takwenya," akaitikia, "Iko," tukakumbatiana tukakaa hivyo. Alikuwa amekonda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niliyedhani ninaumia nikaona sijui kitu. Nikampa chai, akaishika bila kuinywa.

"Mwalimu," akasema, "ile picha inayotembea unayo?"

Nikasema ninayo. Akainuka akafunga mlango mwenyewe. Nikaiwasha, sauti nimeizima kwa heshima yao. Akatazama kidogo, akaniwekea kidole kwenye mkono.

"Fungulia."

"Mama, baba alisema..."

"Najua alivyosema. Hapa ni Karatu. Nani ananijua? Fungulia."

Nikafungulia. Sauti yangu ikajaa chumba kile, ikimwita binti yake. Na yule mama, kwa sauti ya chini sana, akiwa ameikazia macho simu, akaitika: "Abee." Video ikaita tena, akaitika tena, "Abee," mpaka mwisho. Mtoto wake hakuwahi kuwa na neno, alikuwa anamwitikia. Nikajiziba mdomo kwa kanga.

Akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara hiyo akaniambia niifute. Nikamwuliza, kweli, mama? Ndiyo pekee tuliyo nayo.

"Ukimwita anageuka," akasema. "Mwache aende."

Nikamwonyesha pa kubonyeza, tukabonyeza pamoja, kidole chake juu ya changu. Akaniuliza kama ipo kwingine, kwa mtu mwingine. Nikamwambia hapana, ilikuwepo, wote walishafuta. Niliamini ninachosema. Akanywa chai yake ikiwa imepoa, akaondoka kuwawahi ndugu zake.

Kozi nyingine ilifuata, nikaisoma, maisha ndiyo hayo. Kisha juzijuzi, nikiwa kwenye ile kona ya mashuka nasubiri darasa lianze, ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Dada mmoja wa kazi yetu, shule ya mbali huko kanda ya ziwa, kijana kwa uandishi wake. "Shikamoo dada. Video yako nilirushiwa na mwenzangu mwaka jana. Imenisaidia mno! Nina watoto wanne hapa, kila asubuhi uji ukija nawawekea, wanamtazama mwenzao. Wameshalijua jina, wanamwita wote pamoja, halafu wanasubiri ashike kijiko ndipo nao washike. Wawili sasa wanakula wenyewe. Anaendeleaje? Msalimie sana." Na jina akaliandika.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Watoto wanne wanamwita kila asubuhi, na mama yake kule Malambo anajua binti yake ameachwa aende. Nilitaka kufurahi, haki ya Mungu nilitaka. Wawili wanakula! Lakini nilikuwa nimempa mama neno langu uso kwa uso. Nikamwandikia yule dada yote, tangu getini hadi "Abee," nikamwomba afute. Nikaongeza kwamba nampongeza, na kwamba aendelee kuwasubiri.

Hakujibu siku hiyo wala Jumapili. Jumatatu, saa za uji, akajibu.

"Pole sana dada yangu. Nimefuta siku ile ile, na aliyenirushia nimemwambia. Lakini leo watoto wamegoma kula. Wanamwita, wanatazama simu. Wananiuliza yuko wapi. Niwaambie nini?"

Nikafikiri mpaka kengele ya vipindi ikagongwa. Nikamwandikia awaambie shule ya mwenzao imefungwa, mama yake amekuja kumchukua.